Kutoka Uwanjani Hadi Kwenye Kipaza Sauti: Mwanamke, Kandanda na Kiswahili cha Utangazaji

Uwanja wa Kenyatta ulioko mjini Machakos, mwendo wa kilomita sitini na kitu kusini-mashariki ya Nairobi, ulishuhudia mechi tatu zinazofaa kuangaliwa kwa pamoja. Tarehe 17 Desemba 2017 timu za wanaume za Kenya na Zanzibar zilikutana hapo katika fainali ya Kombe la CECAFA. Zilitoka sare ya mabao 2-2, na Kenya ikashinda kwa mikwaju ya penalti, 3 kwa 2. Tarehe 6 Juni 2018 timu ya wanawake ya Kenya iliifunga Guinea ya Ikweta mabao 2-1 papo hapo, katika mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake. Siku chache baadaye ilifungwa 2-0 ugenini, na baada ya mashauri marefu juu ya uhalali wa mchezaji mmoja wa upande wa pili, Guinea ya Ikweta ndiyo iliyokwenda Ghana. Mapema mwezi wa Septemba 2019, katika mchujo wa Olimpiki ya Tokyo, Kenya iliyokuwa imefungwa 3-2 na Malawi kule Blantyre ilirudi Machakos ikashinda kwa mabao matatu bila.

Fainali ya mwaka wa 2017 ilikuwa kati ya pande mbili ambazo zote huweza kuutangaza mpira kwa Kiswahili bila ya kutafuta mkalimani. Mtangazaji wa Unguja na yule wa Nairobi hutofautiana katika lafudhi na katika maneno machache, lakini hazina wanayochota ni moja: lango, ngome, kiungo, winga, chenga, krosi, mkwaju, bao. Mechi za wanawake zilizofuata zilitangazwa kwa hazina hiyo hiyo. Swali la insha hii ni nani aliyeijaza hazina hiyo, na mwanamke aliyecheza, akastaafu, akataka kuusema mchezo alioujua kwa miguu yake, atakuta nini ndani yake. Hoja itakayotolewa ni kwamba sarufi ya Kiswahili haijawahi kumfungia mwanamke huyo mlango. Vizuizi vimekuwa vitatu, na vyote vimetengenezwa na watu: mazoea ya msamiati, mpangilio wa kazi katika redio, na hukumu juu ya matamshi.

Ni lazima kuanza mbali kidogo. Kandanda haikuletwa Afrika ya Mashariki ikiwa mchezo wa watu wote. Tarehe 26 Desemba 1920, kule Liverpool katika uwanja wa Goodison Park, watazamaji wapatao 53,000 walikwenda kuitazama timu ya wanawake ya kiwanda cha Dick, Kerr. Mwaka haukupita. Tarehe 5 Desemba 1921 Chama cha Mpira cha Uingereza kilizikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja, kwa madai kwamba mchezo huo haukuwafaa, na katazo hilo lilidumu kwa takriban nusu karne. Sasa na zitazamwe tarehe za upande wetu. Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni na ambalo ndilo babu wa Kombe la CECAFA la leo, lilianza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka wa 1926. Miaka ambayo mpira ulikita mizizi katika shule za misheni, katika reli, katika jeshi na katika mitaa ya Nairobi na Mombasa ni ile ile ambayo waliouleta walikuwa wameufunga kwa wanawake wao wenyewe. Mara nyingi husemwa kwamba ni mila za Kiafrika zilizomweka msichana mbali na mpira. Mila zilikuwapo, hapana shaka, na kazi za nyumbani zilikuwapo pia. Lakini si haki kuzitwika mila peke yake mzigo ambao nusu yake ulikuja kwa meli.

Redio nayo ilifika Kenya katika kipindi hicho. Matangazo yalianza mwaka wa 1928 kwa ajili ya walowezi, na lugha za Waafrika zilipata nafasi ya maana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia tu, serikali ilipohitaji kuwafikia askari na jamaa zao. Mwaka wa 1964, baada ya uhuru, shirika la utangazaji liligeuzwa Sauti ya Kenya, na likabaki na jina hilo hadi 1989 lilipoitwa tena KBC. Ni katika robo karne hiyo ya Sauti ya Kenya ambapo Kiswahili cha kutangazia mpira kilipata umbo lake nchini Kenya.

Jina linalotajwa kwanza hapa ni la Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Mombasa mwaka wa 1940, akajiunga na Sauti ya Kenya mwaka wa 1964, na kufariki tarehe 7 Februari 2025. Watu wengi humkumbuka kwa kipindi chake cha adabu na mwenendo mwema, «Je, Huu ni Uungwana?», kilichoanza mwaka wa 1966. Wengine humkumbuka kwa asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi walioasi walipomchukua kutoka nyumbani kwake ili awasomee tangazo la mapinduzi. Walijua kwamba nchi ingeamini zaidi ikiisikia habari hiyo kwa sauti iliyoizoea. Lakini kwa maelfu ya wasikilizaji sauti hiyo ilikuwa kwanza sauti ya mpira. Ukoo wa Mbotela ni wa Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kando ya Mombasa, na ndio uliotoa pia James Mbotela, mwandishi wa «Uhuru wa Watumwa» (1934). Jambo hilo lina maana kwa mwanahistoria wa lugha. Kiswahili kilichowafunza Wakenya wa bara kuutazama mpira kwa masikio kilitoka katika jamii ambayo yenyewe iliundwa na watu wa makabila mengi waliokutana Pwani wakakifanya Kiswahili kuwa chao.

Mtangazaji wa redio alikuwa na kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Msikilizaji wake hakuona kitu. Alipaswa kumwambia mpira uko upande gani, uko kwa nani, unaelekea wapi, na yote hayo kabla ya mpira kufika kwa mtu mwingine. Kitenzi cha Kiswahili kilimsaidia sana, kwa sababu kinabeba mtendaji, wakati, mtendwa na tendo katika neno moja: anampiga chenga, anamrudishia, anaunasa, ameupaisha. Aliazima maneno ya vita, kama vile ngome, kikosi, kombora, kuvamia na kushambulia. Aliazima neno la bahari, nahodha, ambalo lilikuwa limesafiri kutoka Uajemi karne nyingi kabla ya mtu yeyote kulivaa kama kitambaa mkononi. Kutoka katika uwindaji alipata kuotea, yaani kuvizia, na akaeleza kwa neno hilo moja kosa ambalo Waingereza hulieleza kwa kutaja mahali tu, si kwa kutaja nia. Hii ni kazi ya ubunifu wa lugha, nayo haijapewa heshima inayostahili katika idara za vyuo vikuu, ambazo kwa muda mrefu zimeuhesabu utenzi kuwa fasihi na mpira kuwa kelele.

Kazi hiyo, hata hivyo, iliamua nani aajiriwe. Redio ilitafuta mwenye sauti, mwenye kasi ya ulimi na mwenye Kiswahili cha kupendeza. Haikumwuliza mwombaji kama amewahi kucheza. Watangazaji walikuwa watazamaji hodari. Mchezaji aliyestaafu, awe mwanamume au mwanamke, hakuwa na kiti katika mpangilio huo, kwa kuwa mtu mmoja alifanya yote. Wanawake walikuwapo katika Sauti ya Kenya. Walisoma taarifa za habari, waliendesha vipindi vya salamu na vya nyumbani, na wengine walipendwa mno. Jumamosi alasiri, uwanjani, kipaza sauti kilikuwa cha wanaume. Kwa hiyo mwanamke mwanasoka alikuwa mbali na kipaza sauti kwa hatua mbili, kwanza kwa kuwa mwanamke na pili kwa kuwa mwanasoka.

Hatua ya pili iliondolewa na televisheni. Picha ikiwapo, hakuna haja ya kumwambia mtazamaji kwamba mpira uko upande wa kushoto, kwani anauona. Anachohitaji ni kuambiwa kwa nini beki ameachwa nyuma, kwa nini mshambuliaji aliyebaki na kipa peke yake amepiga nje. Ndipo utangazaji ulipogawanyika watu wawili, mtangazaji na mchambuzi, na kiti cha mchambuzi kikahitaji mtu aliyewahi kuwa pale. Mtazamaji husema mchezaji amekosa bao la wazi. Aliyecheza husema kwamba mguu wake wa kusimamia uliutangulia mpira, mwili ukaegemea nyuma, na kutoka hapo mpira haukuwa na njia ila kupaa. Hizo ni sentensi za aina mbili tofauti. Ya kwanza ni hukumu na ya pili ni maelezo ya sababu, na Kiswahili cha redio kilikuwa tajiri sana katika aina ya kwanza kuliko ya pili.

Inafaa sasa kuitazama sarufi, maana hapa Kiswahili kina bahati ambayo wasemaji wake hawaioni kwa kuwa wamezaliwa nayo. Kiambishi a- ni cha mtu. Anakimbia, anapiga, anafunga: hakuna kinachobadilika mchezaji akiwa Mwanahalima au akiwa Musa. Mtangazaji wa Kiarabu, akihama kutoka mechi ya wanaume kwenda ya wanawake, hubadilisha vitenzi vyake vyote: sajjala huwa sajjalat. Mfaransa hubadilisha nomino na vivumishi. Mwingereza, ambaye vitenzi vyake havina shida, amekuwa na taabu katika nomino. Mwamuzi msaidizi aliitwa kwa Kiingereza mwanamume wa mstari mpaka mwaka wa 1996, sheria za mchezo zilipobadilishwa jina hilo, na mchezaji aliyetia fora bado aliitwa mwanamume wa mechi miaka mingi baadaye. Kiswahili kilikuwa na mshika kibendera na mchezaji bora tangu mwanzo. Salima Mukansanga wa Rwanda alipokuwa mwanamke wa kwanza kusimamia akiwa mwamuzi wa kati katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, tarehe 18 Januari 2022, lugha nyingine zililazimika kufikiri. Kwa Kiswahili alikuwa mwamuzi, basi.

Lakini lugha haiishi katika sarufi peke yake. Kwa sababu kiambishi hakitofautishi, msamiati umejitwika kazi ya kutofautisha, na ameifanya kazi hiyo mwandishi wa magazeti kuliko mtangazaji. Katika kurasa za michezo za Taifa Leo za miaka ya 2010 na ya baadaye, wachezaji wa kiume huitwa mara kwa mara masogora, na wachezaji wa kike huitwa vipusa. Yote mawili ni maneno mazuri ya Kiswahili cha kale yaliyofufuliwa, na hakuna budi kuwasifu wahariri kwa kuyatoa vumbini. Sogora ni fundi, hasa fundi wa ngoma, mtu ambaye mikono yake imefuzu. Kipusa, kama kamusi za zamani zinavyoeleza, ni pembe ya kifaru, bidhaa ya thamani kubwa iliyosafirishwa kutoka bara hadi Pwani na ng'ambo. Kutokana na thamani hiyo likawa jina la msichana mzuri. Neno la kwanza linapima ustadi. La pili linapima sura na bei. Mwandishi anapoandika kwamba vipusa wametandaza soka safi, hana nia mbaya, na pengine anadhani anapamba. Lakini amekwisha kuwaweka wachezaji hao mbele ya macho ya mnunuzi kabla hawajaugusa mpira. Warembo, neno jingine linalopendwa katika kurasa hizo, lina kasoro hiyo hiyo bila ya uzuri wa historia. Ajabu ni kwamba sogora lenyewe halina jinsia, na hakuna kanuni ya lugha inayozuia mwanamke kuitwa sogora.

Majina ya timu za taifa yanasimulia jambo la namna hiyo. Wanaume wa Kenya ni Harambee Stars, wanawake ni Harambee Starlets. Kiishio hicho cha Kiingereza ni cha udogo. Ni sawa na kusema vinyota. Tanzania ilitoka katika mtego huo bila kelele: wanaume ni Taifa Stars, wanawake ni Twiga Stars, nyota hawa na nyota wale, na twiga si mnyama mdogo. Uganda ina korongo kwa pande zote mbili, ila wa kike wana kishungi. Afrika ya Kusini imeweka jozi iliyo sawa kabisa, Bafana Bafana na Banyana Banyana, wavulana na wasichana. Kuna watakaosema kwamba jina ni jina tu na kwamba wachezaji wenyewe wamelipenda. Huenda wamelipenda. Hata hivyo mtangazaji wa Kiswahili anayelitamka jina hilo mara arobaini katika mechi moja analitamka bila kulitafsiri, na ni vyema kwamba halitafsiri.

Wachezaji wenyewe walitoka wapi? Msingi mmoja wa wazi ni chama cha michezo ya vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1987 na kuwafungulia wasichana mpira mwanzoni mwa miaka ya 1990. Doreen Nabwire, mtoto wa Korogocho, alifundwa huko, akaichezea timu ya taifa, akaenda Ujerumani kuichezea Werder Bremen, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa na mwanasoka wa kike wa Kenya. Aliporudi alishika kazi ya kuendeleza soka ya wanawake katika shirikisho la taifa. Mwaka wa 2016 Kenya ilicheza kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, kule Kamerun. Ilifungwa mechi zote tatu, ingawa Esse Akida aliipatia bao la kwanza katika historia yake ya fainali hizo, dhidi ya Ghana. Novemba 2019, Dar es Salaam, iliifunga Tanzania 2-0 katika fainali ya CECAFA, mabao yote mawili yakiwa ya Jentrix Shikangwa. Na mwezi wa Oktoba 2024 wasichana wa chini ya umri wa miaka 17 walikwenda Jamhuri ya Dominika wakiwa timu ya kwanza ya Kenya, ya kike au ya kiume, kucheza fainali za Kombe la Dunia la mpira wa miguu. Walifungwa na Uingereza na Korea ya Kaskazini, wakaishinda Meksiko 2-1.

Kwa hiyo kuna kizazi cha wanawake ambao wameutumikia mchezo, na wengine wao wamekwisha kuning'iniza viatu. Njia ambazo Kenya imewapa zinajulikana: ukocha, uongozi, uamuzi, kazi za kijamii mitaani. Mwaka wa 2024 Jackline Juma alikabidhiwa klabu ya wanaume ya FC Talanta ya ligi kuu, jambo ambalo mwanamke hakuwa amelifanya nchini. Utangazaji umekuwa na wanawake pia, na Carol Radull alijulikana kwa vipindi vya kandanda katika redio za Nairobi tangu miaka ya 2000. Lakini aliingia kwa mlango wa redio. Mlango wa uwanja kwenda kwenye kipaza sauti cha Kiswahili ndio uliochelewa.

Kwingineko umekwisha kufunguliwa, na mifano miwili yatosha. Amanda Dlamini, aliyezaliwa Harding, KwaZulu-Natal, mwaka wa 1988, alikuwa nahodha wa Banyana Banyana, alicheza zaidi ya mechi mia moja za kimataifa na alikuwamo katika kikosi cha Olimpiki ya London ya 2012. Alipoacha kucheza akawa mtangazaji na mchambuzi wa SuperSport, na watazamaji wa Machakos wenye king'amuzi waliweza kumwona jioni wakiwa wamekaa na baba zao. Wa pili ni Alex Scott wa Uingereza, beki wa kulia wa Arsenal aliyefunga bao pekee la mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la UEFA la wanawake mwaka wa 2007 na kuichezea nchi yake mechi 140. Mwaka wa 2018 alikuwa katika timu ya wachambuzi wa BBC katika Kombe la Dunia la wanaume kule Urusi, na mwaka wa 2021 alipewa kuongoza «Football Focus», kipindi cha miaka mingi cha shirika hilo.

Kisa cha Scott kina jambo linalowahusu wanaisimu moja kwa moja. Wakati wa Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, mwanasiasa mmoja wa zamani, Digby Jones, alimlaumu hadharani kwamba hazitamki herufi za mwisho za vitenzi vya Kiingereza kama ipasavyo, na kwamba anauharibu utangazaji. Scott alijibu kwamba alitoka katika familia ya wafanyakazi ya Poplar, mashariki ya London, na kwamba anajivunia. Tazama mgongano ulivyo. Hakuna aliyedai kwamba hajui mpira. Ujuzi ulipokuwa hauna dosari, hoja ilihamia ulimini.

Hapo ndipo Machakos inapostahili kurudiwa. Mji huo wenyewe una jina lililopotoshwa na ulimi wa mgeni. Wenyeji huuita Masaku, kwa jina la mkubwa wao wa zama hizo. Maofisa wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, walioweka kituo chao hapo mwaka wa 1889, walilisikia kwa namna yao na kuliandika kwa namna yao, na ramani zikafuata. Mgeni alitamka vibaya, ikawa sanifu. Mwenyeji akitamka Kiswahili kwa lafudhi yake huchekwa. Kikamba cha asili hakina sauti za r, h, f wala sh, na msemaji wake anapozikuta katika Kiswahili ama hujifunza ama huziweka zilizo karibu. Mzaha juu ya Kiswahili cha Wakamba ni wa zamani nchini Kenya, na wachekeshaji wamekula kwa mzaha huo. Si mzaha usio na gharama. Sauti ya Kenya ilipochagua watangazaji wake wa Kiswahili ilitegea sikio Pwani, na ilikuwa na sababu zake. Ilihitaji kipimo, na kipimo kilikuwa kimewekwa na Kamati ya Lugha ya mwaka wa 1930. Lakini kipimo hicho kilifaa kazi ya kusoma taarifa. Mchambuzi haajiriwi kwa sababu ya r yake.

Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Kiswahili kilifanywa somo la lazima la mtihani katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, na wachezaji waliozaliwa baada ya hapo wamekisoma miaka kumi na miwili kabla ya kukisema mbele ya kamera. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Vituo vya redio vilivyoenea baada ya miaka ya 1990 vimewazoeza watu kusikia Kiswahili cha bara, cha Nairobi, cha Magharibi, kikitangaza mpira bila ya kuomba radhi. Mwaka wa 2023 ligi kuu ya Kenya ilipata mkataba na Azam TV ya Tanzania, na Kiswahili cha Dar es Salaam kikaingia viwanjani mwa Kenya pamoja na kamera. Baadhi ya Wakenya waliuchukulia ujio huo kuwa ni funzo, wengine kuwa ni uvamizi. Kwa mwanasoka wa kike wa Machakos ni washindani wapya wa kipaza sauti, wenye r zilizonyooka.

Kitakachopotea asipokipata si haki yake tu. Kuna sehemu ya msamiati wa kandanda ambayo haijawahi kutoka katika vyumba vya kubadilishia nguo. Wachezaji wana maneno ya kumwonya mwenzao kwamba ana mtu mgongoni, ya kumwambia aushikilie mpira au auache upite, ya kupanga ukuta, ya kumtoa beki mahali pake kwa kukimbia bila mpira. Mengi husemwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha za mitaani na za nyumbani, kwa ufupi wa neno moja, kwa sababu hakuna muda wa mawili. Kocha anayajua. Mtangazaji aliyekaa juu jukwaani hayasikii. Kamusi haziyajui kabisa, maana wakusanyaji wa istilahi za michezo wamezoea kuanza na orodha ya Kiingereza na kutafuta visawe, kazi ambayo hutoa neno kwa kila kitu ambacho Mwingereza amekiita jina na kimya kwa kila kitu ambacho hakukiita. Mwanamke aliyecheza Machakos, Thika au Vihiga anayo orodha nyingine kichwani. Akiketi mbele ya kipaza sauti kwa msimu mmoja atakuwa ameyatamka mengi ya maneno hayo mbele ya watu laki kadhaa, na mkusanyaji mwenye kinasa sauti atakuwa na kazi ya miaka.

Yamkini hataanza kwa Kiswahili. Redio za Kikamba, kama Musyi FM, zina wasikilizaji wengi katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui, na mchezaji wa huko aliyestaafu ataona wepesi kuzungumza kwanza na watu wa nyumbani, kwa lugha ambayo hakuna atakayemsahihisha matamshi. Atakuwa na maneno ya mpira ya Kiswahili yaliyokopwa na Kikamba, na mengine ya Kikamba ambayo Kiswahili hakijayakopa. Na humo pia, kama katika Kiswahili, kiambishi cha mtu anayekimbia na mpira ni kimoja, awe mwanamume au mwanamke.